Mwisho Saa 3 Kamili, Hakuna Nyongeza

Aliyeanza ni Ami. Nataka hilo lijulikane mapema, maana kwenye ukoo wetu kisa hiki husimuliwa kana kwamba mimi niliamka siku hiyo nikanuia kuvuruga posa ya watu.

Kundi la WhatsApp lilifunguliwa kwa nia njema kabisa. Sisi wa Tanga upande wa binti, wao wa Mombasa upande wa kijana. Likaitwa "Posa Njema", likawekewa picha ya mikono iliyopakwa hina. Mambo yalikwenda vizuri: dua, salamu, bei ya mchele, na mama mmoja wa Mombasa aliyetutumia kila alfajiri ua linalometameta lenye maneno "Ijumaa Njema", hata Jumanne. Washenga walishaambiwa kwa simu, mdomo kwa sikio, kwamba wanangojewa tarehe 27 Agosti, saa 10, watu wakishatoka kuswali alasiri. Wangevuka mpaka siku moja kabla, walale kwa ndugu yao mtaa wa pili, waje wameshapumzika.

Basi Ami, ambaye tangu astaafu hana kazi nyingine zaidi ya simu, akatuma hivi: "Mnajua kuwa tarehe 27 Agosti ndiyo siku ya vita vifupi kuliko vyote duniani? Zanzibar, 1896. Dakika 38 tu. Na posa yetu iwe fupi hivyo hivyo, inshallah."

Ingeishia kwenye amina ingekuwa heri. Lakini kijana mmoja wa upande wa pili akajibu: "Si 38, ami. Ni 45." Mwingine akasema 40, kasoma mahali. Mimi nilikuwa namenya vitunguu saumu. Nikanawa mikono.

Nina udhaifu huo. Mtu akikosea jina langu namwachia, akikosea mwaka siwezi. Nikawaandikia kwa utulivu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, ghafla. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia jumbani na kujitangaza, bila ridhaa ya Waingereza, ambao mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Meli tano za kivita zikajipanga bandarini chini ya Admeri Harry Rawson: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Mizinga ikaanza saa 3 na dakika 2 asubuhi.

"Sasa hizo dakika ngapi?" akauliza Ami. Hapo ndipo penye utamu wenyewe, na ndipo nilipokosea kudhani wengine nao watausikia. Daftari za meli hazikubaliani! St George waliandika kuwa mapigano yalikoma saa 3:35. Thrush wakaandika 3:40. Racoon 3:41. Philomel na Sparrow 3:45. Meli tano, bandari moja, adui mmoja, kila moja na saa yake. Ukianza kuhesabu saa 3 kamili unapata jibu hili, ukianza saa 3:02 unapata lile. Kwa hiyo Ami yuko sahihi, na yule kijana yuko sahihi, na aliyesema 40 naye hajambo.

Nani kakwambia watu wanataka kuambiwa kuwa wote wako sahihi? Kundi likawaka. Wa 38 walihisi nimewasaliti, wa 45 wakanitaka nitaje niko upande gani. Mtu aliyekuwa hajaandika neno tangu kundi lifunguliwe alizuka na kusema "40, mwisho," halafu akapotea tena hadi leo.

Shangazi yetu wa Unguja, aliyekuwa ameshafika kwa ajili ya shughuli, alikuwa ukutani ananisomea majibu kwa sauti huku anacheka. Mara akaacha kucheka. "Waulize waliokufa walikuwa wangapi," akasema. Nikaandika: upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Kundi likanyamaza. Nadhani ndiyo nafasi pekee tuliyopewa ya kwenda kulala kama watu wazima.

Akaivunja mpwa wa bwana harusi mtarajiwa: "Hayo ni ya Zanzibar. Nyinyi wa bara turudishieni Kilimanjaro yetu. Malkia Victoria alimpa mjukuu wake zawadi ya siku ya kuzaliwa."

Wallahi nilijizuia. Nilikwenda hadi uwani, nikamtazama mbuzi wa shughuli, nikarudi. Kisha nikamwandikia kwamba mpaka ule ulipangwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na huyo mjukuu, Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, alitawazwa 1888, sasa huo mlima angeupokea kama nani? Kwamba mwaka mmoja kabla ya mpaka, watu wa Mjerumani Carl Peters walishapata mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, ndiyo maana mstari ukazunguka mlima kwa kaskazini, na Mombasa ikabaki kwa Waingereza. Na nikamalizia, kwa uchangamfu tu, kwamba ni mstari huohuo utakaowafanya wagongewe mihuri pale mpakani Horohoro wakija kwetu.

Mama wa Ijumaa Njema akauliza: "Kwa hiyo mwatwambia tusije?"

Ikachukua maua mengi kumtuliza.

Kesho yake, washenga wakiwa njiani, mjadala ulikuwa bado mbichi. Ami akataka kujua vita vinahesabiwa kuanzia amri au kuanzia mzinga. Swali zuri, nalisema hata sasa. Nikalijibu kwa ujumbe mmoja, mfupi, usio na tashwishi, ambao umehifadhiwa katika simu za watu wasiopungua ishirini na huletwa mbele yangu kila Idi:

"Amri ilikuwa wazi. Mwisho ni saa 3 kamili asubuhi, tarehe 27 Agosti. Bendera iwe imeshushwa na watu wote wawe wametoka jumbani. Hakuna nyongeza ya muda."

Chini yake Ami akaongeza: "Na silaha zibaki nje!" Hilo la silaha ni lake. Mimi niliandika ya bendera na kutoka jumbani tu. Ami alitia chumvi tu ili ipate ladha. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Jioni, babu wa bwana harusi mtarajiwa, kiongozi wa washenga, akatuma ujumbe wa sauti. Yeye hasomi simu, macho yamechoka. Husomewa na mjukuu wake wa kike, mtoto wa darasa la tano, ambaye husoma kilicho chini kabisa kwanza kisha akachoka. Sauti nzito ya mtu wa Kibokoni, Mombasa, ikasema: "Tumesikia. Twaja saa hiyo hiyo. Msitupige mizinga."

Tulicheka! Shangazi aliifungua mara mbili ili majirani wasikie. Tukasema mzee mcheshi, ukoo mzuri huu, binti yetu kapata. Ami akajibu: "Mkichelewa dakika 2 twafyatua!" Tukalala kwa furaha.

Asubuhi ya tarehe 27, saa 3 kasoro dakika 5, hodi ikapigwa.

Niwachoree nyumba ilivyokuwa. Mbuzi yu hai, amefungwa kwenye mpapai. Mpishi hajafika. Jamvi la sebuleni limeanikwa juu ya ukuta linachuruzika maji. Binti mwenyewe usoni kajaa liwa, anaonekana macho tu. Shangazi nusu ya kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama kinauliza swali. Mimi niko uwani juu ya mbuzi ya nazi, nimekwishakuna tano, msuli wangu umeloa maji ya nazi umetundikwa kambani, na nimejifunga kanga ya Shangazi yenye maneno "Mgeni njoo mwenyeji apone". Maneno yamekaa nyuma. Sikuyachagua.

Ami ndiye aliyekwenda mlangoni, mswaki mdomoni. Akafungua, akaona wanaume wanne wenye kanzu nyeupe na makoti, na nyuma yao kina mama wenye sinia lililofunikwa kitambaa cha dhahabu. Akafunga mlango. Akageuka, akatutazama, akasema kwa povu: "Mombasa."

Sijui mtu anaweza kukimbilia wapi katika nyumba ya vyumba vitatu. Binti aliingia kabatini, si mzaha, na mlango ukagoma kufunga. Shangazi alivaa buibui juu ya dera juu ya kanga. Mimi nilisimama kwa haraka, nazi zikabiringika, na moja yao ikampiga mbuzi. Mbuzi akakata kamba. Ami alikuwa ameshafungua mlango kwa mara ya pili, sasa bila mswaki, akisema "Karibuni, karibuni sana," na mbuzi akawa wa kwanza kuitikia. Alimpita Ami miguuni, akafika kwenye sinia, akavuta kile kitambaa na kuanza na asumini, kisha tambuu. Posa ikaanza kuliwa na yule aliyekusudiwa kuliwa.

Nikatoka kumkamata. Ndivyo nilivyokutana na wakwe: mgongo kwanza, ili wasome vizuri.

"Salaam aleikum," akasema babu. Alikuwa amemwegemea mjukuu wake, anachechemea, jasho linamtoka. Nikamjibu, nikampa shikamoo nikiwa nimemkumbatia mbuzi. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akauliza, kwa upole wa mtu anayejitahidi kuwa mpole: "Nanyi mbona hamjatoka nje? Si mulisema watu wote wawe wametoka?"

Hatukuelewa.

"Bendera tumeishusha," akaongeza mpwa wa Kilimanjaro, akionyesha gari. Kumbe alikuwa na kibendera cha Kenya mbele ya kioo. Alikuwa amekitoa, kimekunjwa vizuri mfukoni mwa kanzu. Aliona ni masharti ya ajabu, lakini baada ya yale ya Horohoro alidhani sisi ni watu wa mambo ya mipaka.

"Na fimbo yangu," akasema babu, sasa sauti imeshuka, "nimeiacha garini. Sijatembea bila bakora miaka yote hino. Lakini kama kwenu hairuhusiwi kuingia na silaha, ada ni ada."

Nilimgeukia Ami. Ami alikuwa anaitazama dari ya baraza kama fundi anayeitafutia bei.

Kumweleza mzee wa makamo yale, mlangoni, juani, kwamba saa aliyoiwahi ilikuwa ya mwaka 1896, si kazi ya mtu mwenye mbuzi mikononi. Nilijaribu. Yule mtoto wa darasa la tano ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yanakwenda. Bakora ililetwa mbio. Babu alipoishika tu, akasimama wima, akawa mrefu kuliko sisi wote, na nikafikiri sasa ndiyo tunapigwa mizinga.

Akakaa barazani. "Haya," akasema. "Huyo Khalid. Alishushwa bendera, akenda wapi?"

Nikamweleza, huku Shangazi anachochea moto wa kahawa nyuma yangu. Alikimbilia kwa konseli wa Ujerumani. Waingereza wakamngojea nje, akitia mguu tu kwenye ardhi ya Zanzibar wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yakajaa sana, boti ya meli ya kivita ya Kijerumani, Seeadler, ikasogea hadi kwenye geti la bustani ya konseli, naye akaingia moja kwa moja. Akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata 1916, katikati ya Vita vya Kwanza, wakampeleka uhamishoni, hata Saint Helena alifika. Baadaye wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafariki mwaka 1927, Mombasa.

"Mombasa!" akasema babu, akapiga bakora sakafuni. "Mwisho wa yote alikuja kwetu." Akaridhika kabisa, kama aliyepokea mahari yeye. Mkutano mzima wa siku ile haukuwa na neno lililotusaidia kuliko hilo.

Wakakaa tangu asubuhi hadi magharibi. Walikunywa chai yetu, wakala chakula cha mchana ambacho hakikuwa kwenye bajeti, na saa 10 alasiri, wakati uliopangwa hasa, wakaleta posa yao rasmi wakiwa wamevua viatu na wengine wameshalala kidogo. Mahari ilikubaliwa bila ubishi. Mbuzi alichinjwa akinukia asumini.

Ubishi umebaki kwenye jambo jingine. Tangu hodi ya kwanza hadi kikombe cha kwanza cha kahawa, wageni walingoja muda gani? Ami anasema dakika 20. Shangazi anasema hawakungoja kabisa. Mama wa Ijumaa Njema ana 45, na anasema alitazama saa. Mimi nimewahi kupendekeza kwamba inategemea unaanza kuhesabu mlango ulipofunguliwa mara ya kwanza au ya pili, nikaambiwa ninyamaze.

Kadi za harusi zilipokuwa zinatayarishwa, upande wa Mombasa hawakuwa na masharti mengi. Waliomba tu kwamba chini ya maneno "saa 10 alasiri" uongezwe mstari mmoja mdogo: "ya mwaka huu".