Eti Hakufika Popote

Juzi mjomba wangu alituma picha ya zamani kwenye kundi letu la familia: vijana wawili weusi, wamevaa suti, macho makavu. Mmoja ni John Lewis, mwingine ni Julian Bond, wote wapigania haki za weusi Marekani. Chini yake mjomba akaandika kwamba Lewis alikaa Kongresi miaka 33, "na huyu mwenzake, pamoja na sura yake nzuri na maneno yake matamu, hakufika popote. Alizeekea bunge la jimbo." Watoto wa shangazi wakacheka. Mimi nilikuwa nimeinjika chai. Nikasahau jikoni kuna moto.

Hakufika popote! Najua kwa nini wamecheka. Sisi hapa Kenya mtu akiwa diwani wa kaunti tunamwangalia kama mgonjwa aliyeomba dawa akapewa panadoli. Lakini ukitaka kujua kwa nini bunge la jimbo si panadoli, mchukue huyo huyo Bond.

Tarehe 3 Januari 1966, mjini Tuskegee, Alabama, kijana Sammy Younge, aliyewahi kuwa mwanamaji wa jeshi la Marekani, alipigwa risasi akafa kwenye kituo cha mafuta. Ugomvi ulikuwa wa choo. Choo cha wazungu. Siku tatu baadaye SNCC, kile chama cha wanafunzi waliokuwa wakikaa kwenye mikahawa ya wabaguzi wakimwagiwa kahawa, kikatoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, na kifo cha Younge kikiwemo ndani. Bond alikuwa msemaji wa chama. Tamko hakuliandika yeye, ila mwandishi wa habari alimpigia simu kumuuliza kama analiunga mkono, naye hakumung'unya maneno. Alisema ndiyo.

Shida ni kwamba miezi michache kabla ya hapo wananchi wa Atlanta walikuwa wamemchagua kwenda Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia. Ana miaka 25. Tarehe 10 Januari wajumbe wameitwa kuapa, karani anamwambia asimame kando kwanza. Weusi wenzake saba wanaapa, yeye yuko kitini anaangalia. Kukawa na kikao cha kumhoji. Akaulizwa kuhusu wanaochoma kadi zao za kuitwa jeshini. Akasema anaustahi ujasiri wao, lakini ya kwake hataichoma. Ilipofika kura: 184 wamkatae, 12 wampokee.

Na sababu yao? Hapa ndipo damu inaponichemka. Bond alikuwa tayari kuapa. Kiapo ni cha kuilinda Katiba, maneno yale yale wanayoyasema wote. Wao wakadai kiapo chake hakiwezi kutoka moyoni. Watu 184 wenye karama ya kuona ndani ya kifua cha mwenzao! Tena si watu hivi hivi. Wengi wao walikuwa wametumia maisha yao ya siasa kuhakikisha mtu mweusi hasomi na mzungu, hali na mzungu, hapigi kura kama mzungu, na hakuna aliyewahi kuwauliza wao wanaisomaje hiyo Katiba wanapoinua mkono.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Siku zote nimelielewa neno hilo kuwa linamkinga aliyetumwa. Siku hizi naona linamkinga zaidi aliyetuma. Ukimfungia mlango mjumbe, yule bibi wa Atlanta aliyepanga foleni ya kura ndiye uliyemfungia. Umemwambia: chagua umtakaye, ilimradi tumtake sisi. Mtu akiniambia hilo ni jambo dogo kwa kuwa lilitokea katika jimbo, namuuliza, kura ya huyo bibi ilipungua uzito kwa sababu hakuipiga Washington?

Bond angeweza kujinasua kwa sentensi moja. "Nilinukuliwa vibaya." Wanasiasa wetu wanaisema kabla ya kifungua kinywa. Hakuisema. Februari ukaitishwa uchaguzi mdogo wa kiti chake mwenyewe, akashinda. Kamati ikamtaka afute maneno yake, akakataa, wakamkatalia tena. Novemba akagombea mara ya tatu, akashinda. Kesi aliyofungua pamoja na Martin Luther King, aliyekuwa mkazi wa eneo lake la uchaguzi, ilikuwa imeshindwa mbele ya majaji watatu, wawili kwa mmoja. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji wote tisa, kwamba Georgia imevunja haki yake ya kusema. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba mbunge ana wajibu wa kutoa msimamo wake kwenye mambo yenye ubishi, ili waliomchagua wajue anasimama wapi.

Akaapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake bunge hilo hilo likamchagua Lester Maddox kuwa gavana, yule mwenye mkahawa aliyewafukuza wateja weusi kwa bastola. Huyo kiapo chake kilitoka moyoni, bila shaka.

Naomba nitoke njiani kidogo. Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wetu, Jaramogi Oginga Odinga alipita Atlanta, na vijana wa SNCC wakaenda hotelini kwake kumwimbia. Walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakakaa chini, wakakamatwa. Sasa angalia 1966. Mwaka ule ule Georgia inamrudisha Bond kwa wapiga kura, Nairobi inabadilisha katiba haraka haraka ili Odinga na wenzake waliohamia KPU, chama kipya cha upinzani, waviombee kura upya viti vyao. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba aliyehama chama ana la kuwajibu waliompa kura. Bond hakuhama chochote. Lakini wote wawili walirudi nyumbani wakaomba kura upya, na nyumbani hawakuwaangusha. Odinga alikibakiza kiti chake cha Bondo.

Kuhusu 1986, mwaka Bond alipoikosa Kongresi, haya, mjomba ana hoja nusu. Bond alikuwa Seneti ya Georgia, na ni yeye aliyekuwa mbele kupigania mipaka mipya iliyofanya eneo la tano la uchaguzi wa Kongresi liwe na weusi wengi. Kisha akagombea kiti hicho dhidi ya rafiki yake Lewis. Duru ya kwanza aliongoza. Duru ya pili Lewis akamtaka wote wapimwe dawa za kulevya, Bond akagoma, na mwisho akashindwa kwa tofauti ndogo. Nadhani alijiamini kupita kiasi, na Lewis alitembea nyumba kwa nyumba zaidi yake. Na urafiki ule, wanasema waliowajua, ulichukua miaka kupona. Basi. Mambo mengine, uenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, kutajwa kwa umakamu wa rais kwenye mkutano wa chama cha Democratic Chicago 1968 akakataa kwa kuwa ana miaka 28 na katiba inataka 35, nayaacha, maana najua mjomba atayahesabu kama vyeo.

Niliandika yote haya kwenye kundi usiku, nusu saa nzima kwa kidole kimoja. Alfajiri nikakuta jibu lake.

"Sawa mpwa wangu. Kwa hiyo huyo Bond ni mtu wa Bondo?"