Amonia 0.5 ya Mtwara si ile ya kwenye karatasi ya maelekezo

Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mtwara wakishapima maji hunitumia picha ya tyubu moja tu, ile ya amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki), na swali lilelile: "Hii ni mbaya?" Nami huwauliza: pH (kipimo cha asidi ya maji) ngapi, na maji yana joto gani? Wapo wanaodhani nawazungusha. Lakini bila namba hizo mbili, ile ya amonia haijasema kitu.

Kipimo cha matone husoma amonia yote kwa pamoja, ilhali majini amonia huwa katika hali mbili. Kuna amoniamu, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi, na kuna amonia huru, hiyo ndiyo inayounguza mashavu. Kinachoamua ipi izidi ni pH na joto. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi joto 25, amonia huru haifiki hata asilimia 1 ya yote. pH ikiwa 8.2 na joto 30, inapita asilimia 10. Tyubu zote mbili zinaweza kusoma miligramu 0.5 kwa lita, rangi ileile, na samaki wa tangi la kwanza akaendelea kula vizuri huku wa tangi la pili anatweta juu ya maji.

Sasa tazama kwetu. Sehemu kubwa ya pwani hii ni mawe ya matumbawe. Nyumba za kale za Mikindani zimejengwa kwa mawe hayohayo. Maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya aina hiyo huwa magumu, yana chokaa, na pH yake hupanda juu ya 7. Kisha mtu anaokota matumbawe na makombe ufukweni, anapambia tangi, pH huweza kupanda zaidi. Joto la Desemba nalo linamalizia. Aliyeandika karatasi ya maelekezo ya kipimo hakuwa akimfikiria mtu wa Shangani au Chikongola hapa Mtwara.

Ndiyo maana nasema wazi: kwa maji yetu, kijani chochote kwenye tyubu ya amonia ni dharura. Tunataka njano tupu, yaani sifuri. Isome tyubu kwa mwanga wa jua karibu na dirisha, nyuma yake karatasi nyeupe, kwa sababu taa ya njano ya sebuleni inapoteza kabisa tofauti ya rangi. Tena pima jioni, kabla giza halijaingia. Tangi lenye mimea hufikia pH ya juu jioni, baada ya mimea kutumia kaboni dioksaidi mchana kutwa. Anayepima alfajiri peke yake anaona upande mzuri wa siku.

Kijani kikionekana, usilishe siku hiyo. Badilisha robo hadi nusu ya maji, kwa maji yaliyokwisha kuondolewa klorini, na ongeza hewa, maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Sponji ya filta isuguliwe ndani ya maji yaliyotoka tangini. Ukiisuuza bombani, klorini inaua bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha naitreti, yenye madhara madogo zaidi, na jamii hiyo ya bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga upya.

Naitraiti nayo iwe 0, hapo hakuna mjadala. Naitreti ikibaki chini ya 40, samaki wengi wako sawa. Ila chupa ya pili ya kipimo cha naitreti itikiswe kwa nguvu kabla ya kudondosha, la sivyo inasoma chini.

Linaloniuma zaidi ni zile dawa za kushusha pH. Chokaa iliyomo majini inairudisha pH juu baada ya muda mfupi, mtu anaongeza tena, samaki anapandishwa na kushushwa hadi anachoka. Kwa nini tung'ang'anie samaki diskasi wa Amazoni, anayetaka maji laini yenye asidi? Mbuna, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, wanaishi kwenye pH ya karibu 8, na wapo wafugaji wa Ulaya wanaonunua chumvi maalumu ili wapate maji ya aina hiyo. Sisi tunayachota kisimani. Anayeanza tangi mwaka huu apime kwanza maji ya nyumbani kwake, ndipo aende dukani kuchagua samaki.