Nyumba Yangu, Ardhi ya Wenyewe

Kwetu Jinja walinisema mpaka basi: mwanaume mzima, ndevu hizo, bado anauliza mchuzi uko wapi! Haya. Nikahamia muzigo Kireka, pembeni ya Kampala, chumba kimoja na pazia katikati: huku sebule, kule Ikulu. Kodi ya miezi mitatu kabla sijaweka hata ndoo chini. Mita ya umeme ya Yaka tunatumia mimi na jirani mwenye saluni. Mimi naweka tokeni, yeye anakausha nywele za maharusi, usiku nakula gizani.

Nikasema bora nipate changu. Dalali huyo! Kwa madalali wa Kampala kila kiwanja kiko dakika tano kutoka lami. Dakika tano za nani, za helikopta? Tulipita migomba, tukavuka mafunjo, bodaboda ikagoma, tukashika miguu. Na bado ananionyesha kichaka: "Hapa lami inakuja, ssebo." Futi 50 kwa 100, huko nyuma ya Mukono, kidogo tu nirudi kwetu Jinja.

Siku ya mkataba mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, akataka ya muhuri, majirani wa mpakani wakataka ya soda. Shahidi mmoja alitia sahihi hajui hata kiwanja kiko upande gani.

Sasa sikilizeni. Hicho ni kibanja. Yaani nyumba yangu, migomba yangu, hata mchwa ni wangu, lakini ardhi ina mwenyewe. Babu yake aligawiwa kwenye mkataba wa ufalme wa Buganda na Waingereza wa 1900. Wao waligawana nchi kwa maili za mraba, mimi napimiwa kwa futi! Nikitaka kuuza, sharti nimwulize yeye kwanza. Na kila mwaka nimlipe busuulu, kodi ya ardhi yake. Pesa yenyewe ndogo, kazi ni kumpata wa kuipokea. Mjukuu mmoja yuko London, wengine wanashtakiana, na nisipolipa zaidi ya mwaka mahakama inaweza kunitoa. Jamani, nazunguka na hela mkononi nabembeleza mtu anipokee!

Ukuta umefika kwenye linta, saruji imekata. Mbuzi wa jirani wameshahamia, wanalala chumba nilichotenga kiwe changu. Nikimwambia awatoe, ananitazama kwa huruma: walikuwepo kabla sijanunua, nao wana haki ya kibanja.