K: kikomo cha kweli, kiwango kibaya cha kuvuna

Wanaikolojia huita K idadi kubwa kabisa ya wanyama wa aina moja ambayo eneo linaweza kuilisha mwaka hata mwaka. Wapo wanaopangia uvunaji, yaani uwindaji wa kibali, kwa namba hiyo, na wapo wanaotaka iachwe kabisa.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ng'ombe walipochanjwa na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua nyumbu pia, ikatoweka, nyumbu wakafika karibu milioni 1.3 mwaka 1977, kisha ongezeko likakoma. Kilichowazuia ni uhaba wa majani wakati wa kiangazi. Kikomo kipo, basi.

Balaa huanza K inapogeuzwa kuwa idadi ya kuvuna. Kanuni ni hii: ongezeko la mwaka = r × N × (1 − N/K). Tuseme kasi ya kuzaana, r, ni 0.4, K ni 1,000 na wanyama waliopo, N, ni 500. Ongezeko ni 100, na hakuna N nyingine inayotoa zaidi, kwa hiyo unaruhusu 100 wavunwe kila mwaka. Mvua ikikosa, K ikashuka hadi 700, ongezeko linakuwa 57 tu. Ukivuna 100 wanabaki 457. Mwaka wa pili wanabaki 420. Kwa K ya 700 ongezeko la juu kabisa ni 70, hivyo kundi halitafidia 100 kamwe. Hata K isipoyumba, ukikosea kuhesabu na kumbe walikuwa 450, ongezeko ni 99, na kundi linaanza kupungua polepole bila mtu kushtuka.

Kanuni hiyo pia huchukulia kwamba uzazi hupungua papo hapo nafasi inapobana. Si hivyo kila mara. Katika kisiwa cha St. Matthew, bahari ya Bering, kulungu 29 wa nchi za baridi walioachwa mwaka 1944 walifika kama 6,000 mwaka 1963. Walikuwa wamekwisha kuimaliza likeni, uoto mfupi unaotambaa juu ya mawe na ardhi, ambao ni chakula chao cha majira ya baridi. Mwaka 1966 walihesabiwa 42.

Mimi nisingeitupa K. Ningeacha kuvuna idadi isiyobadilika. Vuna asilimia 15 ya waliohesabiwa mwaka huo. Katika ukame ule ule utachukua 75 mwaka wa kwanza, kisha wachache zaidi, na kundi litatulia karibu na 437. Sharti lake ni gumu, nalo halikwepeki: sensa kila mwaka, kabla ya kibali kutolewa.