Mayai 194,345 ya Harusi ya Landshut

Kila baada ya miaka minne, mji wa Landshut huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, huirudia harusi ya Novemba 1475: Georg, mwana wa mtawala Ludwig Tajiri, akimwoa Hedwig, binti wa mfalme wa Poland. Wakazi zaidi ya 2,000 huvaa kama watu wa karne ya 15, wakamsindikiza bibi harusi kwa ngoma na tarumbeta.

Wanaoipinga wana hoja nzito. Hedwig alikuwa na miaka 18. Aliletwa kwa mwanamume asiyemjua, kwa ajili ya siasa za watawala, na masimulizi ya wakati ule yanataja kilio chake kanisani. Miaka yake mingi aliishi ngomeni Burghausen, mbali na mumewe, hadi alipofariki mwaka 1502. Mwaka uliofuata Georg naye akafa bila mrithi wa kiume, vita vya kugombea urithi vikaiunguza nchi, na utawala wa Landshut ukafutika. Msafara husherehekea siku ya kwanza tu. Hilo nalikubali.

Lakini wapo wanaoyabeza pia masharti ya sherehe, na hapo ndipo naona watu hawaelewi. Nywele za bandia zimepigwa marufuku, kwa hiyo wanaume hufuga za kwao kwa miezi mingi. Miwani na saa za mkononi hubaki nyumbani. Mgeni huona ni ukaidi wa kuigiza yaliyokufa. Mimi naona mji unaojiandaa hadharani: fundi na mwanafunzi, wote nywele mabegani, hutambuana dukani hata kabla msimu haujafika. Vazi la kukodi halileti hayo. Wala si mtawala aliyeagiza mchezo huu. Chama kinachouendesha kilianzishwa na wenyeji mwaka 1902, wakiwa wamevutiwa na picha za harusi hiyo zilizochorwa kwenye kuta za ukumbi wa manispaa, na mwaka uliofuata msafara wa kwanza ukatoka.

Hoja kwamba ni sherehe ya kuwatukuza matajiri hunirudisha kila mara kwenye hesabu za jikoni. Zimehifadhiwa: ng'ombe 323, mabata bukini 11,500, kuku 40,000, na mayai 194,345. Nyama ya ng'ombe ni fahari ya mwenye harusi. Mayai ni jambo jingine. Novemba huko mchana ni mfupi, na kuku hutaga kidogo. Kwa hiyo nyuma ya idadi hiyo kuna mabanda mengi mno ya vijijini, mikono iliyookota yai mojamoja, migongo iliyobeba bila kuvunja, na karani asiyeridhika kuandika "laki mbili kasoro". Aliyahesabu hadi lile la tano la mwisho. Wageni wakikadiriwa kuwa 10,000, ni mayai 19 kwa kila mmoja. Na hayakuishia mezani kwa wakubwa, maana wakati wa harusi wauza vyakula mjini walizuiwa kuuza, na wenyeji wakalishwa kwa gharama ya mtawala.

Ndiyo maana huwaangalia zaidi wapishi na ombaomba wanaopita msafarani kuliko gari la dhahabu. Wamo, na huigizwa na wakazi wa leo kwa uangalifu uleule anaopewa bwana harusi. Mji ungeuza nafasi hizo kwa watalii, ungepata fedha na kuupoteza uhusiano huo.

Kilichobaki ni deni kwa Hedwig. Kanisa la Mtakatifu Martin bado limesimama, mnara wake wa matofali ukifika mita 130. Ningependa msafara usimame mlangoni pake, ngoma zinyamaze kidogo, umati uambiwe kwamba humu ndani bibi harusi alilia, kisha farasi waendelee.