Anand alijua atatoka lini

Juni 10, 1992, jijini Bangkok, Somboon Rahong alikuwa nyumbani kwake kavaa sare nyeupe ya sherehe, wafuasi wamejaa, wanangoja habari tu kwamba ameteuliwa Waziri Mkuu wa Thailand. Vyama vyenye wabunge wengi vilishampitisha. Kumbe Spika, Arthit Urairat, amempelekea Mfalme jina jingine kabisa: Anand Panyarachun, mwenyekiti wa kampuni ya nguo ya Saha-Union.

Mwezi mmoja nyuma jeshi lilikuwa limewamiminia risasi waandamanaji waliompinga Jenerali Suchinda Kraprayoon, Waziri Mkuu wa wakati huo. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 52. Somboon naye alitoka jeshi la anga, na watu walikuwa wamechoshwa na magwanda.

Nchi ikikwama, hakosekani wa kusema: mpeni mfanyabiashara, aiendeshe kama kampuni. Anand hutolewa mfano. Nadhani wanamsoma vibaya. Kabla ya vitambaa alikuwa mwanadiplomasia, hadi akawa balozi wa Thailand nchini Marekani, na aliwahi kuandamwa kwa madai kwamba anaegemea ukomunisti. Siasa chafu alizijua kabla hajajua bei ya uzi.

Kilichombeba, kwa maoni yangu, ni kutotafuta kura ya mtu. Mara ya kwanza alipokuwa Waziri Mkuu, mwaka 1991, aliwekwa na majenerali waliopindua serikali. Hata hivyo alileta kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 7, na akamwachia waziri wake Mechai Viravaidya atangaze kondomu waziwazi dhidi ya UKIMWI. Mwanasiasa anayewaza uchaguzi angeyagusa hayo mawili kwa mkupuo? Sidhani.

Mara ya pili alikaa miezi mitatu na ushei. Agosti akawahamisha wakuu wa jeshi, Kaset Rojananil na Issarapong Noonpakdee, akawapa vyeo visivyo na askari. Wote wawili walikuwa katika kundi lililomweka madarakani mwaka 1991. Katika kampuni gani mwenyekiti huwatimua waliompa kiti? Septemba 13 watu wakapiga kura, Chuan Leekpai akapokea ofisi.

Ila nikiri, kuna jambo linanikera. Alichokifanya Arthit tunakiita ujasiri kwa sababu Anand alitokea kuwa muungwana. Angempeleka mtu mbaya, tungekiita hila. Wabunge waliompitisha Somboon walichaguliwa na wananchi Machi mwaka uleule. Kabla Juni haijaisha, bunge lao lilikuwa limevunjwa.