Kibarua Wangu Alivyokula Seva Nzima

Nina programu yangu moja inayokaa nyuma ya pazia kwenye seva. Haina dirisha wala kitufe. Kazi yake ni kupokea picha kubwa na kuzigeuza vijipicha, usiku na mchana. Niliiandika mwenyewe kwa lugha ya Python nikaibatiza jina Kibarua. Kibarua akiamka hula megabaiti 180 za kumbukumbu, chakula cha kawaida kwa mtu wa kazi yake. Siku ya tatu anafika gigabaiti moja na nusu. Siku ya tano anakaribia 3, na seva nzima ina 4, na humo humo anaishi na hifadhidata na wapangaji wengine wadogo wadogo.

Mimi mambo haya nimeyajulia ukubwani, ila mdomo ninao. Nikamwambia bosi, "Niachie mimi. Kesho utasikia habari nyingine." Kwa hilo sikusema uongo.

Nikaanza na amri ya free, inayoonyesha kumbukumbu imetumikaje. Safu ya kumbukumbu iliyo wazi ikasoma megabaiti 90. Nikahisi tumbo linakata. Nikakumbuka mbinu niliyoisikia mahali, nikaandika namba 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches, nikapiga free tena: karibu gigabaiti nzima iko wazi! Nikanyoosha mgongo, nikatoka kwenda kutamba. Kumbe nilichokifukuza ni nakala za mafaili, ambazo Linux, mfumo unaoendesha seva, huziweka kwenye kumbukumbu isiyo na kazi ili diski isisumbuliwe, na mwenye shida akitokea huziachia yenyewe bila kuombwa. Safu ya kutazama ni available, yaani inayoweza kupatikana, siyo free. Kibarua hakupungua hata megabaiti moja. Kilichopungua ni kasi ya hifadhidata, maana ilibidi isome kila kitu upya kutoka kwenye diski.

Usiku huo Kibarua akauawa. Hilo ni jambo halali kabisa: kumbukumbu ikiisha, kerneli, kiini cha Linux, humtafuta mwenye alama nyingi za ulafi, humkata, kisha huandika kwenye logi nani kafa na alikuwa amebeba kiasi gani. Asubuhi nikausoma mstari ule nikamwonea huruma, kama mzazi anayeletewa mashtaka ya mwanawe na hataki kuamini. Nikamvisha hirizi. Kwenye faili lake la systemd, msimamizi wa programu za nyuma ya pazia, nikaongeza OOMScoreAdjust=-1000. Namba hiyo huanzia -1000 mpaka 1000, na aliyepewa -1000 kerneli hamgusi.

Usiku uliofuata kerneli ikaja na panga lake. Ikampita Kibarua, kaketi juu ya gigabaiti 3 anacheua, ikaikata hifadhidata. Hifadhidata ikaamka, ikakatwa tena. Kisha ikafuata ile programu ndogo ya kukusanya takwimu, ambayo maskini haikuwa na hata megabaiti 60. Simu ikalia.

"Kijana."

"Naam, bosi."

"Kila kitu kimekufa isipokuwa cha kwako. Hebu nieleze."

Hirizi nikaivua usiku huo huo. Badala yake nikaweka ratiba ya kumzima Kibarua na kumwasha upya kila saa tisa usiku, kabla hajanenepa. Kukawa na amani. Lakini dada mmoja tunayekaa naye meza moja, mtu aliyezianza kazi hizi mimi bado nachezea kipanya, akaiona ile ratiba akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, hiyo si dawa. Unafuta sakafu na bomba umeliacha wazi."

Maneno yale yakaniuma. Nikaitoa ratiba, nikaandika faili la upelelezi nikaliita msako.py. Mistari 12 tu. Kila dakika linaiomba Python ilipe orodha ya vitu vya Kibarua vinavyofuatiliwa na mzoa taka, yaani sehemu ya Python inayofuta vitu visivyotumika tena, amri yenyewe ni gc.get_objects, kisha linaitunza ile orodha ili ilinganishwe na ya dakika inayofuata. Nikaliunganisha humo humo ndani ya Kibarua, nikamwacha avimbe.

Akavimba kweli. Ndani ya saa mbili tu, gigabaiti 3! Nikashangilia: ugonjwa uliokuwa ukijificha siku tano sasa unajitokeza kabla ya mchana. Nikafungua matokeo. Kila kitu kinaongezeka. Orodha, kamusi, picha zilizokwisha fungwa, maombi yaliyojibiwa zamani, hakuna hata kimoja kinachoachiliwa. Kwa hiyo, nikawaza, mwenye kosa ni yule mzoa taka wa Python. Hafanyi kazi! Nikakaa nikaandika ujumbe wa aya saba kwa idara nzima, kichwa chake "Kasoro kubwa ndani ya Python". Kwa lugha niliyoitumia aya ya tano naomba radhi.

Dada akausoma wote. Akavuta kiti, akaomba aone msako.py, akaweka kidole kwenye mstari wa 9.

"Hivi vitu vyote, unavishika vya nini?"

"Ili nilinganishe, dada."

"Na mzoa taka anaruhusiwa kuzoa kitu gani?"

"Kile ambacho hakuna anayekishika…"

Sentensi sikuimaliza. Mzoa taka alikuwa akizunguka nyumba nzima kila mara na ndoo yake, na kila takataka aliyoigusa akakuta nimeing'ang'ania mimi, kwa ajili ya uchunguzi.

Dada akalifuta msako.py, akamwasha Kibarua upya yeye mwenyewe, akapanda kidogo kwenye msimbo wa zamani. Akasimama juu ya kazi ile inayotengeneza kijipicha. Pale palikuwa na maneno @lru_cache(maxsize=None), yaani akiba ya matokeo yaliyokwisha kutengenezwa.

"Na hii?"

"Hiyo ni akiba, lakini nimeizima. Nimeandika None. Yaani hamna, asiweke kitu."

Akanitazama kwa upole ambao sijausahau. "Hamna kikomo, mdogo wangu."

Usipoandika chochote, akiba ile hushika matokeo 128 na kutupa yaliyosahaulika. Ukiandika None haitupi hata moja mpaka siku ya kufa. Na huo haukuwa mwisho wa aibu: anwani za picha zetu zilikuwa zinaishia na saa ya ombi, hadi sekunde. Kila ombi lilikuwa na anwani yake, kwa hiyo Kibarua alikuwa akimtunzia kila mgeni sahani aliyokwisha kulia, akiisubiri siku ambayo mgeni atarudi katika sekunde ile ile iliyopita.

Nikaandika 128. Nikaikata ile saa kwenye anwani. Nikapeleka mafaili mapya kwenye seva, nikajimwagia sifa kimoyomoyo, nikafungua grafu nione mstari unavyolala.

Siku ya kwanza mstari ukapanda. Siku ya pili ukapanda, mwendo ule ule wa zamani. Nikausoma msimbo wangu mara kumi. 128 ipo pale, nimeiandika kwa mkono wangu. Jioni nilikuwa nimeshaanza ujumbe wa pili kuhusu Python, aya mbili zimetoka na hasira bado ipo, dada alipouliza bila kuinua macho kwenye skrini yake:

"Umemwasha upya?"

Programu inayokaa siku nyingi haiyarudii mafaili yako kuona kama umebadilisha mawazo. Inaendesha ule msimbo iliyoupakia siku ilipoamka, na Kibarua aliamshwa na dada siku mbili nyuma, None yake ikiwa kichwani. Ratiba ya saa tisa usiku ingemwamsha na msimbo mpya bila hata mimi kufikiri. Niliitoa mwenyewe, kwa kuwa si dawa.

Sikumjibu. Nilifuta zile aya mbili, nikaandika amri ya kumwasha upya, nikaibonyeza polepole ili kibodi isisikike.